Treni za India: mwongozo kamili wa kupata kitanda cha uhakika na kushuka panapostahili

Msafiri amelipa nauli, pesa imekatwa kwenye kadi, na kwenye simu ana tiketi yenye namba ya treni. Anafika stesheni na mabegi yake, anatafuta jina lake kwenye orodha ya abiria, halipo. Mkaguzi anamweleza kwamba tiketi ilijifuta yenyewe tangu chati, yaani orodha ya mwisho ya abiria na vitanda vyao, ilipotolewa. Hakutapeliwa. Alinunua nafasi kwenye orodha ya kusubiri akidhani amenunua kitanda.

Kosa hili linajirudia kwa wageni wa kila aina: wanaokwenda Agra kuona Taj Mahal, wanaosindikiza mgonjwa Vellore au Chennai, wanafunzi wanaohama mji. Ndiyo maana mwongozo huu unahusu treni tu. India ni pana mno kwa basi la usiku, na treni inakushusha katikati ya mji huku umelala njia nzima. Treni ya haraka ya Rajdhani kutoka Mumbai hadi New Delhi inamaliza kilomita 1,384 kwa usiku mmoja.

Shika jambo moja kabla ya yote. Usifunge tarehe za hoteli, miadi na ndege za ndani halafu ndipo utafute treni. Anza na kitanda kilichothibitishwa, mengine yafuate.

## Vitu vya kuwa navyo

- Pasipoti halisi, pamoja na viza iliyomo ndani yake au viza ya mtandaoni iliyochapishwa. Pasipoti ndiyo kitambulisho chako ndani ya treni, na nakala yake haitoshi.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kama unatoka nchi yenye hatari hiyo, kwa mfano Kenya au Uganda. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na tiketi ya treni ya kesho yake haimsubiri.
- Anwani ya barua pepe na namba ya simu inayopokea ujumbe ukiwa nje ya nchi.
- Kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni ya kimataifa. Zungumza na benki yako kabla, si siku ya kununua.
- Rupia taslimu, nyingi zikiwa noti ndogo.
- Mnyororo mwembamba na kufuli.
- Adapta ya umeme. Soketi za India zinapokea pini za mviringo. Plagi ya pini tatu bapa haiingii.
- Sweta au kanga nzito. Mabehewa ya kiyoyozi huwa na baridi kali usiku, hata nje kukiwa na joto la kuchoma.
- Sabuni na karatasi za chooni.

## Hatua ya 1: Soma saa na tarehe kama reli inavyozisoma

Ratiba zote zimeandikwa kwa saa 24, kuanzia usiku wa manane. Treni ya 08:00 ni ya saa mbili asubuhi. Ya 20:00 ni ya saa mbili usiku. Ukiwa umezoea saa za Kiswahili, andika zote mbili kwenye karatasi yako ili uchovu usikuchanganye.

Hatari kubwa iko kwenye treni zinazoondoka baada ya saa sita usiku. Tiketi ikisema tarehe 15, saa 00:20, hiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake unatakiwa uwe stesheni tarehe 14 kabla watu hawajalala. Wako wanaofika jioni ya tarehe 15 wakiwa na tiketi halali ya treni iliyokwisha kuondoka karibu siku nzima iliyopita. Hapo hakuna wa kumlalamikia.

Saa ya India iko mbele ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Uuzaji wa tiketi za siku mpya hufunguliwa saa mbili asubuhi ya India, sawa na saa kumi na moja na nusu alfajiri Nairobi au Dar es Salaam. Ukinunua ukiwa bado nyumbani, kumbuka hesabu hiyo.

## Hatua ya 2: Ijue stesheni kwa jina lake kamili na alama yake

Mji mmoja mkubwa una stesheni kuu kadhaa, na kutoka moja hadi nyingine kunaweza kula saa nzima barabarani. Kila stesheni ina alama ya herufi. Amini alama kuliko jina la mji.

Delhi ina New Delhi (NDLS), Delhi ya zamani (DLI), Hazrat Nizamuddin (NZM) na Anand Vihar (ANVT). Mumbai ina Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus (CSMT), Mumbai Central (MMCT), Bandra Terminus (BDTS) na Lokmanya Tilak (LTT). Kolkata ina Howrah (HWH), iliyo ng'ambo ya mto Hooghly, na Sealdah (SDAH). Chennai ina Central (MAS) na Egmore (MS).

Wakati mwingine mji unaokwenda una stesheni yenye jina lingine kabisa. Wagonjwa wa Vellore hushuka Katpadi (KPD), takriban kilomita 130 kutoka Chennai. Ukiandika Vellore peke yake kwenye sanduku la kutafutia unaweza kuletewa stesheni nyingine yenye treni chache, ukaamini hakuna usafiri.

Hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi yenye alama mbili, ya kupandia na ya kushukia, na namba ya treni yenye tarakimu tano. Namba ndiyo kitambulisho cha treni. Majina yanafanana.

## Hatua ya 3: Chagua daraja kwa kuangalia mwili wako, si nauli peke yake

Alama hizi utaziona kila mahali:

- 1A: vyumba vyenye mlango na kiyoyozi. Ghali, na nafasi ni chache.
- 2A: kiyoyozi, vitanda viwili kwenda juu, na pazia.
- 3A: kiyoyozi, vitanda vitatu kwenda juu, bila pazia.
- 3E: kama 3A, nafasi finyu kidogo, nauli ya chini kidogo.
- SL: vitanda vitatu, madirisha wazi, hakuna kiyoyozi, na shuka ulete mwenyewe.
- CC na EC: viti vya kiyoyozi kwa safari za mchana, kama kwenye Shatabdi na Vande Bharat.
- 2S: viti vya kawaida vya mchana.

Kwa mgeni wa kawaida nashauri 3A. Ni safi kiasi cha kutosha, unapewa shuka, mto na blanketi, na kuna familia nyingi humo. Mgonjwa, mzee, au mama mwenye mtoto mchanga apelekwe 2A, maana hapo hakuna kitanda cha kati kinachokulazimisha ukae umeinama kikiwa kimefunguliwa. SL ni daraja la kuona nchi kwa karibu mchana, lakini usiianzie safari yako ya kwanza ya usiku, hasa ukiwa peke yako na mizigo.

Mabehewa yasiyo na nafasi zilizopangwa yaache kabisa kwa safari ndefu. Watu husimama wamebanana usiku kucha.

Mtoto chini ya miaka 5 anasafiri bure bila kitanda chake. Wa miaka 5 hadi 11 analipa nusu asipohitaji kitanda, na nauli kamili akikihitaji. Kwa safari ya usiku mlipie kitanda. Kulala wawili kwenye kitanda kimoja chembamba ni mateso kwenu nyote.

## Hatua ya 4: Fungua akaunti ya IRCTC wiki kadhaa kabla

IRCTC ndiyo kampuni ya umma inayouza tiketi za reli mtandaoni. Mgeni anaweza kujisajili kwa namba ya simu ya nje na kulipa ada ndogo ya usajili. Namba ya uthibitisho hutumwa kwa simu na barua pepe, na mara nyingine huchelewa. Ndiyo maana jambo hili halifanywi siku ya kununua.

Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Kwenye uraia chagua nchi yako, kisha weka namba ya pasipoti. Tiketi moja inabeba hadi abiria 6.

Kadi ikikataliwa, rudi kwenye ukurasa wa malipo uchague njia nyingine inayopokea kadi za kimataifa, kwani zipo zaidi ya moja. Usilipe mara ya pili kabla ya kuangalia historia ya tiketi kwenye akaunti. Pesa ikikatwa bila tiketi kutoka, kwa kawaida hurejeshwa yenyewe. Mtandao pia hufungwa kwa muda mfupi kila siku karibu na saa sita usiku ya India. Ukikwama wakati huo, subiri.

## Hatua ya 5: Nunua mapema, kisha soma hali ya tiketi

Tangu Novemba 2024, tiketi za kawaida zinauzwa kuanzia siku 60 kabla ya safari. Zamani zilikuwa 120. Miongozo mingi ya zamani bado inataja miezi minne. Zaidi ya hapo, siku ya ufunguzi imetengwa kwa wenye akaunti zilizothibitishwa kwa Aadhaar, kitambulisho cha taifa ambacho mtalii hana: Oktoba 2025 zilikuwa dakika za mwanzo tu, na tangu Januari 2026 ni siku nzima. Usivunjike moyo ukizuiwa siku hiyo. Rudi kesho yake. Kwenye njia nyingi nafasi bado zitakuwepo, isipokuwa majira ya sikukuu za Diwali, Chhath na Holi, watu wanaporudi kwao kwa mamilioni.

Sasa fika kwenye kiini. Kabla ya kulipa, na tena baada ya kulipa, tazama herufi hizi:

CNF ni kitanda chako. Tiketi itaonyesha behewa na namba, mfano B3 27. Kwenye 1A namba ya chumba inaweza kuchelewa kutajwa hadi chati itoke, na hilo ni la kawaida.

RAC ni ruhusa ya kupanda ukiwa na kiti bila kitanda kamili. Watu wawili mnagawana kitanda cha pembeni cha chini. Abiria mwingine asipotokea, mmoja wenu anapewa kitanda. Kwa safari ya mchana inatosha. Kwa mgonjwa haifai.

WL ni orodha ya kusubiri. Huna safari bado. Tiketi ya mtandaoni ikibaki WL mpaka chati ya mwisho itoke, inafutwa yenyewe na fedha zinarudishwa. Kuingia nayo kwenye mabehewa ya vitanda ni kosa, na utashushwa au kutozwa faini.

WL nazo hazilingani. GNWL hutolewa hasa kwa wanaoanzia safari kwenye stesheni ya mwanzo wa treni, nayo ndiyo yenye matumaini zaidi. RLWL na PQWL ni za vituo vya njiani vyenye mgao mdogo, na hizo husogea polepole. Ukiona namba mbili, kama GNWL 35/WL 12, ya kwanza ni ulipoanzia, ya pili ni ulipo leo.

Hapo kuna ujanja halali. Kama unapandia katikati ya njia na mgao wa kituo chako umeisha, angalia tiketi ya kutoka stesheni ya mwanzo, halafu kwenye fomu chagua kituo chako kuwa pa kupandia. Utalipa nauli ya umbali mrefu zaidi, ila mara nyingi kitanda kinapatikana. Usisahau kuweka kituo cha kupandia. Ukiacha, mkaguzi atakuhesabu hujatokea na kitanda kitapewa mtu mwingine.

Mwanamume wa miaka 60 na zaidi, au mwanamke wa 45 na zaidi, hupangiwa kitanda cha chini pale kinapokuwepo. Kwa hiyo weka umri sahihi. Ipo pia sehemu ya kuchagua kwamba tiketi isitoke kama kitanda cha chini kimekosekana. Kwa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji, itumie.

Ukiona neno CNF, jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na namba ya PNR (namba ya tiketi yako kwenye mfumo wa reli) yenye tarakimu kumi, endelea. Vinginevyo, usilipie hoteli bado.

## Hatua ya 6: Treni ikiwa imejaa

Anza na treni nyingine ya njia ileile, stesheni nyingine ya mji uleule, au siku moja kabla. Watu huganda kwenye treni moja maarufu wakati ya saa mbili baadaye ina nafasi.

Baada ya hapo kuna fungu la watalii wa kigeni, lenye alama FT. Ni vitanda vichache vilivyotengwa kwa wenye pasipoti za nje wanaotembea kwa viza ya utalii. Mahali panapojulikana zaidi pa kuvinunua ni International Tourist Bureau, ndani ya stesheni ya New Delhi, ghorofa ya kwanza, upande wa mtaa wa Paharganj. Nenda na pasipoti halisi.

Onyo: nje ya jengo hilo utakutana na watu wenye lugha tamu watakaokuambia ofisi imefungwa, imehamishwa au imeungua. Watakupeleka kwenye duka la wakala wa binafsi, na utatoka na safari ya gari usiyoihitaji kwa bei ya kuumiza. Usisimame, usionyeshe tiketi yako, panda ngazi mpaka uione ofisi kwa macho yako.

Tatkal, ule uuzaji wa dharura wa siku moja kabla ya safari, usiuweke kwenye mipango yako. Tangu Julai 2025, kuununua mtandaoni kunahitaji akaunti yenye Aadhaar. Na usimpe wakala akununulie kwa jina la mtu mwingine. Jina lisipolingana na pasipoti, unahesabiwa huna tiketi.

Mlango wa mwisho ni nafasi zinazobaki baada ya chati. Huuzwa mtandaoni na dirishani hadi karibu na treni kuondoka, nami nimeona unasaidia hasa kwenye viti vya mchana.

## Hatua ya 7: Siku ya safari

Chati hutolewa saa nyingi kabla ya treni kuondoka, kwa treni za asubuhi huwa jioni ya kuamkia. Angalia PNR yako tena wakati huo, kwa sababu aliyekuwa RAC anaweza kuwa amepata kitanda.

Fuatilia treni yenyewe kwenye NTES, programu rasmi ya reli, au piga 139. Desemba na Januari ukungu wa kaskazini huchelewesha treni kwa saa nyingi. Katika miezi hiyo sithubutu kushauri mtu aunganishe treni ya Delhi na ndege ya siku hiyohiyo. Lala usiku mmoja katikati. Treni yako ikichelewa zaidi ya saa tatu na ukaamua kutosafiri, una haki ya kurudishiwa nauli yote, ila jaza ombi la TDR kwenye akaunti kabla treni haijaondoka.

Fika nusu saa kabla, au saa nzima kama stesheni ni kubwa. Mabegi hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Jukwaa huonyeshwa kwenye ubao na hutangazwa, na linaweza kubadilishwa dakika za mwisho, kwa hiyo usizibe masikio kwa muziki.

Treni ya masafa marefu mara nyingi ina mabehewa ishirini na zaidi. Vibao vya juu ya jukwaa vinaonyesha behewa litakaposimama: H ni 1A, A ni 2A, B ni 3A, S ni SL, C ni viti. Simama chini ya kibao chako. Vituo vya njiani treni husimama dakika mbili tu, na kukimbia na sanduku kutoka mkiani hadi kichwani hakuwezekani. Mizigo ikizidi nguvu zako chukua kuli, hao wenye mashati mekundu, na mpatane bei kabla begi halijapanda kichwani.

## Hatua ya 8: Ndani ya behewa

Kwenye 3A na SL, namba hujirudia kwa mafungu ya nane. 1 na 4 ni vya chini, 2 na 5 vya kati, 3 na 6 vya juu, 7 ni cha pembeni chini, 8 pembeni juu. Gawanya namba yako kwa nane, tazama kinachobaki. Ikigawanyika bila baki, kama 16 au 24, hicho ni cha pembeni juu. Namba 27 inabakiza 3, basi ni cha juu.

Kitanda cha kati hufunguliwa kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Nje ya muda huo wote mnakaa kwenye kile cha chini, kwa hiyo mwenye cha chini asikasirike watu wakikaa.

Funga begi kwa mnyororo kwenye pete zilizo chini ya kitanda cha chini. Pasipoti, fedha na simu vibaki mwilini, hata ukienda chooni. Usipokee chakula wala kinywaji kilichofunguliwa kutoka kwa usiyemjua, hata akiwa mkarimu. Reli yenyewe huwaonya abiria juu ya watu wanaotia dawa za kulevya kwenye chakula. Maji nunua ya chupa iliyozibwa, na lipa bei iliyochapishwa juu yake tu. Chakula pia unaweza kuagiza kupitia huduma ya IRCTC kikaletwa kitini kwenye kituo cha mbele.

Sigara na pombe ni marufuku. Ukipata tatizo la usalama au ugonjwa, piga 139 utaje PNR, behewa na namba ya kitanda.

## Hatua ya 9: Kushuka

Treni nyingi hazitangazi vituo ndani. Weka kengele nusu saa kabla ya muda unaotarajiwa kufika, siyo ulioandikwa kwenye tiketi, na uangalie ramani ya simu. Majina ya stesheni yameandikwa kwenye vibao vya njano kwa lugha ya jimbo, Kihindi na Kiingereza. Sogea mlangoni na mizigo kabla treni haijasimama, maana wanaopanda hawasubiri wanaoshuka.

Ukitoka nje, pita madereva wanaokuvuta mkono na utafute kibanda cha bajaji na teksi za kulipia kabla. Unataja unakokwenda, unalipa dirishani, unapewa karatasi. Mpe dereva karatasi hiyo baada ya kufika mlangoni kwako, si kabla.